Mbiu Niliyoiagiza

Tangu utoto mimi ni mtu wa njia ya mkato, na sisemi hivi kwa kujisifu.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa serikali mjini Unguja: shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Mwaka mmoja shamba kukaingia ghasia. Wenye ng'ombe waligoma kuchanja mifugo yao, na serikali ikatoa amri kwamba watu wasikusanyike zaidi ya watano; wakikusanyika, askari wa jeshi wana ruhusa ya kuwatawanya kwa nguvu. Aliyeifasiri amri ile kwa Kiswahili ni mimi. Niliyaandika maneno "kwa nguvu" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikatumwa niipeleke kijijini kwa mama yangu, upande wa Chwaka. Mkubwa wangu, Mzungu, alinisisitizia niende nyumba kwa nyumba, nisiwaite watu pamoja. Nikasema naam. Lakini nyumba za kule zimetawanyika kwenye mawe na minazi, jua lilikuwa kali, na alasiri fundi wa Mlandege, kule mjini, alikuwa ananisubiri kunipima koti la harusi yangu. Basi nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kufa. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa kijiji, ile pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti kuwaita watu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na makaratasi."

Nikamsomea amri mara mbili. Akauliza, "Na hawa walioko makondeni utawapata vipi?"

"Piga mbiu, mjomba. Wakija waambie, halafu watawanyike. Mie nnakwenda, basi halitonisubiri."

"Serikali ndiyo iliyosema nipige?"

"Ndiyo iliyosema."

Uongo ule ulinitoka kama salamu. Na tena nilijua, kuliko Mzungu yeyote, kwamba kwetu mbiu ikigongwa mtu haulizi wala harudi nyumbani kwanza. Huenda nyumba inaungua, huenda mtu amezama. Anakuja na alichonacho mkononi, na walioko kondeni mkononi wana mapanga na majembe.

Lori la askari lilikuwa linazunguka barabara ile. Wakaisikia mbiu, wakaifuata, wakakuta wanaume kama thelathini wamesimama na mapanga, na mjomba katikati yao hajamaliza hata bismillahi. Hawakupiga risasi. Walitumia vitako vya bunduki, na jirani yetu mmoja akapoteza jicho. Mjomba akakamatwa kwa kosa la kuwaita watu wenye silaha. Wakati huo mimi nilikuwa Mlandege, nimenyanyua mikono, fundi ananipima kwapa.

Siku ya kesi mkalimani wa mahakama alikuwa mgonjwa, wakaniazima mimi afisini. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia mkubwa wangu neno moja tu, na mjomba angelala nyumbani kwake. Nilijiambia kwamba mjomba akinitaja nitakiri pale pale, mbele ya watu wote. Nikajiona muungwana kwa kuwaza hivyo. Kumbe nilikuwa ninamtwisha mzee yule kazi ya kuniumbua, nikijua hataiweza. Naona haya hadi leo.

Hakimu, naye Mzungu, akauliza nani aliyemtuma kupiga mbiu. Nikamgeuzia mjomba swali kwa Kiswahili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda hadi kwenye kola ya shati, wala hakuonyesha hasira. Laiti angekasirika.

"Hakuna aliyentuma," akasema. "Nlipiga kwa akili yangu mwenyewe."

Hakimu akaniangalia, akingoja. Nikaifasiri sentensi ile kwa Kiingereza safi, bila kuongeza wala kupunguza. Mjomba akahukumiwa miezi sita. Askari walipokuwa wanamtoa, hakimu alinisifu kwa kazi nzuri, nami nikainama nikamshukuru.