Raba za Kocha

Juzi hapa Sumbawanga nilimwona mwanamke akichambua maharage kando ya uwanja wa netiboli, binti yake akicheza, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa msichana mdogo nikicheza netiboli, kocha wetu aliniambia nikachukue raba za mtumba chumbani kwake, niende peke yangu. Nilimsimulia mama huku nikirukaruka. Jioni ileile alikuja uwanjani na ungo wake, akaketi kwenye upepo wa baridi unaonuka vumbi.

"Mwalimu, hizo raba zilete hapa," alisema, "sote tuzione."

Hazikuletwa. Nililia, nikamnunia mama. Yeye aliendelea kuja kila tulipofanya mazoezi, maharage yakigongana kwenye ungo, mpaka kocha yule alipohama mji. Nilidhani ameipenda netiboli. Nilishangaa tu kwamba maharage yalikuwa yaleyale, na alikuwa ameshayachambua nyumbani.