Seva Isiyo na Mwenyewe

Leo nimeaibika mbele ya mjukuu wangu, na nimestahili.

Mwanaidi ndiye anayetunza kompyuta za chama chetu cha wafugaji hapa Korogwe. Asubuhi alitaka kuondoa seva ya zamani, maana kumbukumbu zetu zilishahamishiwa kwenye mpya.

Lakini hakuifuta. Akaizima tu.

"Nangoja, bibi. Kama kuna anayeitumia, atapiga kelele."

Nikamcheka. "Kitu hakina mwenyewe unakiogopa? Futa, uje unywe uji!"

Akakataa. Mkaidi, sijui karithi kwa nani.

Nikapeleka maziwa kituoni, chama kinakoyakusanya. Karani akabofya bofya kompyuta.

"Shikamoo bibi. Jina lako humu halimo. Siwezi kupokea."

Mimi! Niliyempakata huyo akiwa mchanga!

Maziwa yanakaribia kuchacha, nikampigia Mwanaidi nikifoka, kituo kizima kinasikia.

Akaangua kicheko. "Kumbe mwenyewe ni wewe! Wafugaji wa Mnyuzi kama wewe tuliwasahau kuwahamisha."

Akaiwasha tena ile seva. Jina likarudi, maziwa yakapokelewa.

Angenisikiliza asubuhi, ningekuwa nimefutwa kwa amri yangu mwenyewe.

Mungu amtunze mkaidi wangu. Nanyi chekeni, lakini taratibu, kwenu napajua.