Kaseti ya Mgombea wa Kamati ya Shule

Mwanangu, Jumapili ile naikumbuka mpaka harufu ya viatu vipya iliyojaa chumbani. Ilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa nimekaa katika ofisi ya Bi Salma ndani ya Tianxiu Dasha, jengo refu ambalo wafanyabiashara wetu walikuwa wameanza kulijaza. Mbele yangu kulikuwa na redio kaseti, na ndani ya ile redio kulikuwa na hotuba yangu. Nilikuwa nagombea uenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya kwetu Handeni, huku nikiwa Uchina.

Usicheke, ngoja nikueleze. Muhula wa kamati ya zamani ulikuwa umekwisha, na kaka yangu akanipendekeza kwenye mkutano wa wazazi kwa sababu nilikuwa narudi nyumbani baada ya wiki chache. Mwalimu mkuu akakubali. Mpinzani wangu, mwenye mashine ya kusaga, angesimama na kusema mwenyewe. Mimi ningesikika kwa kaseti. Siku zile kutuma sauti nyumbani kwa kaseti lilikuwa jambo la kawaida kwetu tuliokuwa mbali. Barua ilichelewa, na simu ilikatika kabla hujamaliza salamu.

Na mimi, mwanangu, si mtu wa kuficha mambo yangu mazuri. Nilianza kushona kwa cherehani ya kuazima, kwenye kibaraza cha duka la watu. Nikashona Tanga, nikashona Dar es Salaam. Niliomba nafasi ya masomo mara mbili nikanyimwa, mara ya tatu nikapata. Guangzhou nilisoma Kichina mwaka mzima, kisha ufundi wa nguo miaka miwili, Mwafrika peke yangu darasani, na kwenye mtihani wa kuchora vipimo niliwaongoza wote, wenyeji kwa wageni. Diploma yangu yenye muhuri mwekundu iko ukutani mpaka leo. Anayeingia kwangu huiona kabla hajakaribishwa chai.

Basi nilikuwa na haki ya kujisikia. Lakini kujisikia kulinipeleka mbali kidogo, na hicho ndicho kisa ninachotaka ukisikie, maana nimeambiwa kwamba na wewe unagombea kamati ya shule mwaka huu.

Kaseti ingebebwa na Temba, mtu wa Moshi aliyekuwa akija kununua viatu Zhanxi, ule mtaa wa maduka ya jumla ulioko karibu na stesheni. Saa nane mchana alikuwa apande treni ya kwenda Hong Kong, na kutoka huko ndege mpaka nyumbani. Bi Salma yeye alikuwa Mzanzibari wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kabla ya kuingia biashara alifundisha darasa la kwanza Unguja kwa miaka mingi, na hata pale ofisini aliwapanga wateja wake kwa mistari. Alituazima chumba chake kwa sababu kilikuwa na utulivu. Wakati kaseti ikicheza, yeye alikuwa akihesabu jozi za kandambili na kuzifunga.

Hotuba yangu ilikuwa imenyooka. Nilisema Kiingereza kianze darasa la kwanza. Nilisema mzazi asiyehudhuria mikutano atajwe kwa jina mbele ya wenzake. Nilisema kila mtoto avae sare, na kwamba sare za darasa la kwanza nitazileta mimi, bure, nilizozichora kwa mkono wangu na kuzishonesha Kangle, kule kwenye vyumba vya mafundi pembeni mwa soko la vitambaa. Halafu nikaingia kwenye hoja niliyoipenda kuliko zote. Darasa la kwanza la kwetu lilikuwa limefurika, watoto wamekaa chini, na mimi nilikuwa na dawa.

"Watoto wa miaka kumi, kumi na moja," nilisikika nikisema kwa sauti ya mtu mwenye diploma, "hawana nafasi darasa la kwanza. Wamechelewa. Wanajaza madawati na kuwavuta nyuma wenzao. Shule iandikishe watoto wa miaka saba, hao wengine watafutiwe kazi za mikono."

Kaseti ikaishia hapo. Temba akapiga makofi.

"Mheshimiwa! Mimi sina mtoto Handeni, lakini kura yangu unayo. Mwenye mashine ya kusaga arudi akasage."

"Irudishe nyuma," Bi Salma akasema bila kuinua macho. "Pale penye sare."

Nikairudisha. Akasikiliza, akavua miwani.

"Hizo nguo, Rajabu, umezikata kwa kipimo gani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba Wachina hupima nguo za watoto kwa kimo, na kwamba nimechukua sentimita mia na kumi, mia na ishirini, na chache za mia na thelathini, kwa sababu ndicho kimo cha mtoto wa miaka saba.

"Cha mtoto wa miaka saba wa wapi?"

"Wa popote, Bi Salma. Kipo kwenye jedwali."

"Mie nimefundisha la kwanza, mwanangu. Sikupata kuliona darasa lenye kimo kimoja. Kuna aliyekuwa anafika hapa," akagusa kiuno chake, "na kuna aliyenipita mie mwenyewe kwa kichwa, na wote wanasoma a, e, i. Hao wa pili umewawekea nguo gani?"

"Hao hawatakuwepo. Si umesikia hotuba?"

"Nimesikia." Akaweka kandambili mezani. "Na wewe ulianza skuli na miaka mingapi?"

Mwanangu, swali hilo hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza Uchina nzima. Nilikuwa nimewaambia watu kuhusu Tanga, kuhusu Dar es Salaam, kuhusu mtihani. Hilo sikulisema. Nikajifanya nafuta vumbi kwenye redio.

"Mheshimiwa, jibu swali la mpiga kura," Temba akasema, tayari anacheka.

"Kumi na moja," nikasema.

Temba akaacha kucheka.

"Kumi na moja," Bi Salma akarudia, taratibu, kama mwalimu anayeandika ubaoni. "Na siku ya kwanza ulivaa nini?"

Ikabidi niseme. Nilivaa shati la baba. Nilichelewa shule kwa sababu nilikuwa nachunga mbuzi, na nilipopelekwa hapakuwa na sare ya mtu wa ukubwa wangu. Mama alikata mikono ya lile shati kwa kisu cha jikoni, likabaki linaning'inia mpaka magotini. Mwalimu alinikalisha nyuma, dirishani, na wale wadogo wakanipa jina la Babu. Babu njoo utushushie chaki. Babu tutolee mpira juu ya paa. Nilipochoka na lile shati nilichukua sindano ya mama nikalipunguza mwenyewe, pembeni na mabegani, nikifumua na kurudia mpaka likanikaa. Ndiyo nguo ya kwanza niliyoshona maishani mwangu.

"Haya," Bi Salma akasema. "Ile diploma yako, basi, imeanzia dirishani pale. Kwa sheria uliyoitia kwenye kaseti hii, ungepita?"

Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine, baya zaidi. Kwenye mfuko wa koti langu kulikuwa na barua ya dada yangu Mwanahawa. Nilikuwa nimeisoma mara mbili na kufurahi. Aliandika kwamba bibi amepona, na kwamba Tatu, binti yake, aliyekaa nyumbani miaka yote ile akimuuguza bibi, safari hii anapelekwa kuandikishwa. Nakutegemea wewe mjomba wake, aliandika. Na Tatu alikuwa ametimiza miaka kumi na moja.

Niliisoma barua ile Jumatano, na hotuba niliiandika Alhamisi. Wala sikuona kwamba ninayemfukuza ni yeye. Ndivyo mtu anavyokuwa akishaanza kusema "watoto" kwa ujumla, mwanangu. Haoni sura ya hata mmoja.

Nikaitoa barua nikampa Bi Salma. Akaisoma, akairudisha. Hakuniambia neno la kuniumiza, ingawa nilistahili. Alisema tu, "Saa nane bado. Kaseti ina upande wa pili."

"Ukisema ulikuwa na miaka kumi na moja ulipoanza," Temba akaninong'oneza, "yule wa mashine ya kusaga atakucheka mpaka siku ya kura. Futa tu yale ya umri, mengine yaache."

Alikuwa na maana nzuri, na lilikuwa shauri la mtu anayejua biashara. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona aibu yangu ilikokuwa. Haikuwa kwenye shati la baba. Nikafuta upande wa kwanza wote, nikaigeuza kaseti, nikabonyeza kitufe, nikaanza upya bila karatasi.

"Wazazi wangu, shikamooni. Ni mimi Rajabu, yule mliyekuwa mkimwita Babu. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na moja, na sasa nina diploma ya Uchina. Nikipewa kamati, mtoto aliyechelewa ataandikishwa. Kama madawati hayatoshi, nitakuja kuyapigia misumari nanyi. Na mkubwa wa darasa la kwanza atavaa sare inayomtosha."

Nikasema na mengine, Kiingereza na mikutano, lakini kwa ufupi. Temba akatia kaseti ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, akaondoka mbio.

Nami nikaondoka mbio kwenda Kangle, kwa sababu nilikuwa nimeahidi nguo ambazo hazikuwepo. Kule Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Nilikuta kitambaa cha bluu kimekwisha tandikwa mezani tabaka juu ya tabaka, chaki imepita, na mama mwenye karakana, niliyemwita laoban, yaani bosi, kama wote walivyomwita, ameshika kisu cha umeme cha kukatia vitambaa.

"Laoban, ngoja! Nataka kubadilisha vipimo."

"Mei you!" akanijibu. Hakuna. Neno hilo la kukataa utalisikia kila kona ya masoko yale. Hakuna kitambaa cha ziada, hakuna muda, na rangi ile imekwisha sokoni. "Wewe ndiye uliyesema watoto wadogo. Sasa wamekua tangu jana?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nikamwomba karatasi na rula. Nikakaa pale pale kwenye kiti cha plastiki, nikachora vipimo vyote upya, mia na ishirini mpaka mia na sitini, nikivipanga kwa kubana, pindo la kipande kimoja likiingia kwenye kiuno cha kingine, ili nisipoteze hata upana wa kidole. Hiyo ndiyo kazi niliyoongoza kwenye mtihani, na siku ile nilielewa niliisomea nini. Laoban akaja akatazama juu ya bega langu. Akaacha kubisha. Lakini hata kwa kubana vile, kitambaa cha sketi na kaptula za wakubwa hakikutosha.

Kwenye rafu yake kulikuwa na kitambaa changu. Bluu ileile ya kiza, lakini cha daraja la juu, nilichokuwa nimejiwekea kwa ajili ya suti. Nilikuwa nimepanga nishuke Handeni nikiwa nimevaa suti niliyojishonea Guangzhou, diploma mkononi, watu wanione. Niliifikiria siku hiyo kwa miaka miwili.

Nikakishusha, nikakitandika mezani. "Kata na hiki."

"Suti yako?" laoban akauliza.

"Imekwenda shule."

Zile za wakubwa nilizipinda mwenyewe, na kila sketi na kaptula nikaiachia upindo wa vidole vinne, ili mtoto anapokua, nguo ifumuliwe na kukua naye.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimevaa suruali ya kawaida. Mwanahawa ndiye aliyenisimulia siku ya kura, iliyopita kabla sijafika. Kaseti ilichezwa darasani, madirisha yamejaa watu. Nilipojitaja kwa jina la Babu, mzee mmoja nyuma akacheka kwa sauti, akasema, "Yule wa dirishani! Kumbe yuko hai!" Na wazazi wenye watoto waliochelewa, ambao walikuwa wamekaa pembeni kama wageni, wakaanza kusogea mbele. Nilimshinda mwenye mashine ya kusaga, mwanangu, na wala si kwa kura mbili tatu. Nilikaa kwenye kamati ile vipindi viwili. Madawati tuliyapigia misumari wenyewe, nyundo niliyoitumia ninayo bado.

Tatu aliandikishwa. Alikaa nyuma, dirishani. Sketi yake ya kitambaa cha suti niliishuhudia ikifumuliwa upindo kidogo kidogo mpaka alipofika darasa la tano. Leo Tatu ni mwalimu, na anafundisha darasa la kwanza. Najivunia hilo kuliko muhuri mwekundu, na unajua ninavyoupenda ule muhuri.

Sasa nakuambia la kushika. Utasimama mbele ya wazazi, utakuwa na hoja kuhusu madawati, lugha, sare na walimu. Uwe nazo, na uziseme kwa sauti. Lakini kabla ya hoja yoyote, waambie ulianza shule na miaka mingapi na ulivaa nini siku hiyo. Kisha ichukue kila sheria unayotaka kuileta, umpitishe nayo mtoto mmoja unayemjua kwa jina. Ikimwacha nje, ifute, hata kama kaseti imekwisha rekodiwa na treni inaondoka. Usione aibu kufuta. Wala usione aibu kujivuna kwa ulichokipata kwa jasho lako. Jivune, ila jivune pamoja na mahali ulikotokea, ili mtoto aliyekaa huko leo akusikie na yeye anyooshe shingo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue kinywa mbele ya watu na akifunge unapotaka kusema usichokijua. Akupe kitambaa cha kutosha kwa kila mtoto atakayekuja mlangoni kwako, na popote kitakapopungua, akupe moyo wa kuitoa suti yako. Na maisha yako ayaachie upindo mpana.