Kijana wa Mkuki na Lango la Mose

Enzi zetu pale mtaani Rhonda, Nakuru, kutazama katuni kulihitaji nywele. Televisheni ya karibu ilikuwa kwenye kibanda cha kinyozi mmoja aitwaye Mose, juu ya kioo, na Mose alikuwa na sheria moja tu: benchi ni ya wateja. Huna nywele za kunyolewa, unasimama nje kwenye vumbi. Kwa hiyo mimi na ndugu zangu tulifuga nywele kwa zamu. Mama hakuelewa kwa nini watoto wake walianza kuyakimbia makasi yake. "Macho yatawaishia kwa upuuzi," alikuwa akisema, "na hizo nywele zitawaletea chawa."

Mwishoni mwa 2007 Mose alipata CD ya katuni ya Kijapani, haina jalada, maandishi ya chini yote ya Kichina. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Mose alikuwa na mazoea ya kututafsiria kila filamu huku akinyoa. Kijapani hakujua hata neno la salamu, lakini hilo halikumzuia. Pakifika patamu aliinua mashine kutoka kichwani mwa mteja, akaigeukia skrini, akaigiza sauti za watu wote, wanawake kwa wanaume. Mteja alibaki na nusu kichwa, na hakulalamika.

"Huyu kijana wa mkuki amerogwa na shangazi yake," Mose alitangaza. "Ona vile anashindwa kutoka hii nchi."

"Hajarogwa," nikasema. "Ako ndani ya gemu."

"Gemu gani? Umeona mpira hapo?"

Nikamwonyesha jina juu ya kila kichwa, na chini yake mstari wa kijani, ule uliopungua mtu akipigwa, sawasawa na wa gemu za televisheni tulizocheza mjini. Nikaeleza kwa utaratibu kwamba hawa watu wako majumbani mwao, wamevaa kitu machoni, na anayechoka anatoka. Benchi nzima ikacheka. Mzee mmoja aliyefungwa taulo shingoni akaniuliza kama nimekula.

Mvuto wa katuni ile kwangu ulikuwa wazi, na mpaka leo naudhika nikisikia ikiitwa upuuzi. Ilikuwa nchi yenye kanuni. Ukifanya kazi, nguvu zinaongezeka. Ukipigwa, mstari unapungua kwa kiasi kinachostahili. Ukifa, unaamka kwenye lango la mji na kuanza upya. Lakini kilichoniuma ni jioni. Wachezaji waliagana, kisha mmoja mmoja wakageuka mwanga na kupotea, wameenda kula kwao. Kijana wa mkuki alibaki peke yake uwanjani. Yeye tu ndiye aliyekosa njia ya kutoka.

Kisha ikaja Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi. Waliokuwa Nakuru hawahitaji nisimulie. Nyanya na binamu yangu Njeri walifika kwetu kwa lori kutoka Kuresoi, na godoro moja, na sufuria, na habari kwamba nyumba haipo tena. Shule zilipofunguliwa, Mama alimtafutia Njeri nafasi, akamwazimia sare kwa jirani. Njeri akakataa kuivaa.

"Nikiandikishwa hapa," alisema, "watajua sisi si wa Kuresoi tena."

Ni nani watakaojua, hakusema. Mama alibembeleza, akafoka, mwishowe akaitundika sare kwenye msumari. Kila asubuhi tulipotoka kwenda shule, Njeri alikaa mlangoni kando ya Nyanya, viatu miguuni, tayari kwa safari ya kurudi kwao. Nyanya alikuwa ameacha kumwambia avue.

Jumamosi moja nilimpeleka kwa Mose. Nywele zilikuwa zangu. Yeye alipita kama mgeni wangu. Aliitazama ile jioni ya uwanjani bila kupepesa macho.

"Hao wengine wameenda wapi?"

"Kwao."

"Na yeye?"

"Hawezi."

Hapo CD ikakwama, palepale ilipokwama siku zote: kijana ameweka mkono kwenye lango kubwa, uso umevunjika vipande vya mraba. Mose akaitoa, akaipulizia, akaifuta kwa shati. Ikakwama tena. Hakuna mtu Rhonda nzima aliyejua nyuma ya lango lile kuna nini.

"Uncle," Njeri akamwuliza, "alirudi kwao?"

Mose alikuwa amefika katikati ya kichwa changu. Akazima mashine, akamtazama, akatazama na vile viatu.

"Hiyo lango imefungwa na nje," akasema. "Ilibidi angoje. Lakini unadhani alikaa tu hapo? Aliingia shule ya mkuki, hapo hapo mjini. Akasoma na wenyeji. Siku lango ilifunguka, alitoka akiwa mkali kuliko wote."

"Hiyo haiko kwa CD!" nikapiga kelele.

"Wewe, kichwa yako iko kwa mashine yangu. Nyamaza."

"Na hawakusema amekuwa wa hapo?" Njeri akauliza.

"Watasemaje? Si jina lake iko juu ya kichwa? Kila mtu alijua kwao ni wapi."

Njia nzima ya kurudi nilimweleza Njeri kwa nini mwisho ule hauwezekani. Katuni haikuwa na shule yoyote. Mose hajui Kijapani. Lango halikuwa hata na kufuli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Jumatatu akavaa sare. Nilikuwa bado nalalamika barabarani aliposema, "Tembea, tutachelewa."

Leo mpwa wangu Trevor anazo katuni za aina hiyo kwenye simu, nyingi kuliko maisha yake. Maandishi ya chini ni sahihi na hakuna inayokwama. Anazitazama kwa kasi maradufu huku akijibu ujumbe, na mwisho anausoma kabla hajaanza. Nilimwuliza anazipendea nini. "Anko, ni vibe tu." Alinitafutia ile ya zamani kabla chai haijachemka. Niliitazama hadi mwisho. Shule haimo.

Nikampigia Njeri simu. Yuko Naivasha, anapakia maua. Kuresoi hakurudi kuishi, na Nyanya tulimzika Nakuru.

"Nimeupata mwisho wa kweli," nikamwambia.

"Kaa nao," akacheka. "Mimi nilimaliza shule kwa ule wa Mose."

Trevor akadakia kutoka kwenye kochi: kwa nini tulikubali kinyozi atudanganye? Nikaanza kumweleza kwa utaratibu, tangu benchi na nywele. Nilipofika Januari, alikuwa ameshaziba masikio kwa vile vidude vyake, anacheka peke yake na skrini. Nikaiacha hadithi hapo.

"Endelea," Njeri akasema kwenye simu. "Mimi nasikia."