Mizani ya Uwanja wa Ndege

Mwanangu, bado hujazaliwa, wala sijui utazaliwa lini. Nakuandikia mapema kwa sababu mimi ni mzito wa kusema. Mwalimu akiniuliza darasani, jibu ninalo, sauti sina. Basi asubuhi niliyoiona Changamwe, nikiwa kidato cha kwanza, naiweka hapa uje uisome ukikua.

Kwetu ni Kisauni. Ami yangu Salim, ndugu mdogo wa baba, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya ndege ndogo ndogo. Ndege hizo zilikuwa zikiwapeleka wageni Malindi, na sasa kampuni ilitaka kujaribu Lamu. Ikiona abiria wapo, iendelee na viwanja vingine vidogo vya pwani. Bwana mkubwa wa kampuni, Mzungu, alimwambia Ami wazi kuwa watu wa Mombasa wakijaza viti, ndege ya Lamu itabaki, na wasipovijaza itaondolewa. Ami akasema vitajaa. Alikuwa na hoja. Nyumba nyingi za Mombasa zina jamaa Lamu, na wendao huko sana ni wanawake, kwa harusi, kwa uzazi na kwa matanga. Kwa barabara ni kivuko hapa, kivuko pale, na mvua ikinyesha basi hukwama matopeni mpaka mtu akafika mgongo si wake.

Aliyeingoja ndege hiyo kuliko wote ni Nyanya, mamake Ami. Dada yake, Bi Khadija, alikuwa mgonjwa wa kulala huko Lamu, na nyonga za Nyanya zilikuwa haziwezi basi tena. Alikuwa akisema kwamba ndege isipokuwapo, yeye na Khadija wataonana akhera. Alilisema bila kulia, kama mtu atajaye bei ya samaki.

Ami akazunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaeleza mabibi vile ndege inavyonguruma, vile watakavyopewa peremende masikio yasizibe, na vile watakavyoshukia kisiwa cha Manda, penye uwanja, kisha mashua iwavushe mpaka Lamu. Bi Zuhura, mke wa tajiri mmoja wa nguo mjini, akakubali. Na Bi Zuhura akikubali jambo, wenzake hufuata. Viti vikajaa vyote.

Siku ya safari tulivuka daraja la Nyali alfajiri, tukapita mjini, tukafika uwanjani Changamwe. Mimi na mama tulikwenda kumsindikiza Nyanya. Mabibi walikuwa wameshafika kwa motokaa zao, buibui mpya, harufu ya udi, na vikapu vya halwa na mikate ya kupeleka. Bwana mkubwa wa kampuni alikuwa amesimama kando na kofia yake, akiwatazama kwa furaha. Ami uso wote meno.

Ndipo karani alipotoka. Barazani palikuwa na mizani ya chuma, ile ya kupimia mizigo, mbele ya wapagazi na madereva wa teksi na kila mwanamume aliyekuja kutazama ndege. Karani akamwambia Bi Zuhura apande. Bi Zuhura akaweka kikapu chake juu ya mizani.

"Si kikapu, mama," karani akasema. "Wewe."

Alieleza kuwa ndege ni ndogo na rubani lazima ajue uzito wa kila mtu. Bi Zuhura akamtazama Ami. Ami alikuwa akitazama viatu vyake. Basi yule bibi, kwa kushikwa ghafla, akapanda. Karani akaupigia kelele uzito wake, ratili kadha wa kadha, kwa mwenzake aliyekuwa ndani, vile vile kama wanavyoita uzito wa magunia ya mbata. Mpagazi mmoja akasema huyo aketishwe katikati, ama ndege itakwenda upande. Wanaume wakacheka.

Mwanangu, mimi nilikuwa sijapata kusikia uzito wa mwanamke ukitajwa. Kwetu hata kipimo cha nguo humwambia fundi kwa kunong'ona. Masikio yaliniwaka moto kana kwamba nimepimwa mimi. Bi Zuhura alishuka polepole, kama ashukaye ngazi za nyumbani kwake, akachukua kikapu, akaenda kwenye motokaa. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka wote. Tukabaki sisi na vumbi lao.

"Salim," Nyanya akaita.

"Labeka, Mama."

"Mizani hii ulikuwa waijua?"

"Nalikuwa naijua."

"Peremende ukatwambia. Mashua ukatwambia."

"Naliona haya, Mama. Ningewaambiaje mabibi kuwa watapimwa?"

"Ungelisema, tungelikuja na leso tukajizungushia, na mmoja wetu akasoma. Haya yako umetuvisha sisi."

Hakupandisha sauti. Alitoa leso katika mfuko wake wa safari, ncha moja akanipa mimi, ya pili akampa mama, akapanda mizani nyuma ya leso. Nilisoma mimi, nikaandika kwenye kikaratasi, nikampa karani mkononi. Karani alifungua kinywa ili aite. Nyanya akamtazama juu ya leso, naye akakifunga. Ilikuwa kazi ndogo vile, wallahi. Kazi ndogo vile.

Nyanya aliruka peke yake na viti vitupu.

Lakini lililonishtua zaidi lilikuja baadaye. Ami alirudi kutoka kazini siku moja akatwambia kuwa ndege ya Lamu itaondolewa, na viwanja vile vingine havitajaribiwa kamwe. Bwana mkubwa, asiyejua kuwa kupimwa hivyo ni aibu, ameamua kuwa wanawake wa pwani wanaogopa kupaa.

"Hukumwambia ni ile mizani?" baba akamuuliza.

Ami akatikisa kichwa. Aliona haya kumtajia Mzungu habari za uzito wa wake za watu. Sikujua kuwa mtu aweza kunyamaza mara mbili juu ya jambo lile lile.

Nyanya alirudi na ndege ya mwisho. Alisema walikaa na Bi Khadija wameshikana mikono, wakicheka mambo ya utotoni. Hawakuonana tena. Masika ikaja, na simu ya maandishi ikafika ikisema Bi Khadija ameshazikwa. Ami alikuwapo ilipofika. Nyanya akamtilia kahawa kama kawaida yake, na Ami hakuweza kuinywa.

Mwanangu, sikukatazi kuona haya. Huenda ukazaliwa nayo, maana mimi ninayo tele. Lakini ukijua jambo litakalomfika mwenzako, mwambie kabla hajatoka nyumbani kwake. Mnong'oneze, mwandikie, umtume mtu, mradi ajue, ajipange mwenyewe. Na mambo yakiharibika, ukaulizwa sababu nawe waijua, itaje, hata kama uso utakuwaka.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko wangu. Akuepushe kuaibishwa na kuaibisha. Na kila uendako akufikishe salama, uwakute walio wako wangali hai. Amin.