Geita miaka ya hamsini: klabu ya kutazama ndege ilipopewa zamu ya kuwafukuza

Wakuu, marahaba kwanza, maana kwa umri wangu najua shikamoo zenu ziko njiani. Simu ni ya mjukuu, bando pia lake, lakini kisa ni changu na sijakitia chumvi hata punje.

Naitwa Kabula. Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilisoma shule ya misheni upande wa Geita. Mwalimu Petro akatuanzishia klabu ya kutazama ndege.

Ndiyo, kutazama tu. Siyo kula. Nyumbani walicheka mpaka basi.

Tulikuwa na darubini moja ya kuazima kwa padre, tukipokezana. Sheria moja tu: kimya. Ukifungua mdomo, zamu yako imekwenda.

Ikatangazwa tripu ya mbugani kuona korongo wenye taji wakicheza. Korongo wanacheza jamani! Wanaruka, wanainama, wanakunjua mabawa, laivu! Usingizi uliniruka.

Baba akakataa. Mtama ulikuwa unakomaa na kwelea kwelea walishaanza kushuka. Mimi ndiye niliyekaa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, kuwafukuza.

Mwalimu akaja kumbembeleza. Wakaafikiana: klabu nzima ije Jumamosi kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani. Mtama ukisalimika, Jumamosi inayofuata naruhusiwa kwenda.

Tulifika na madebe, makombeo, na darubini. Hiyo darubini ndiyo ilituponza.

Kundi likatokea, kubwa hadi kivuli kikapita juu ya shamba. Wakatua kwenye masuke, midomo myekundu pyu.

Nani aligonga debe? Hakuna! Mwalimu alishaweka kidole mdomoni, na memba wote tumechuchumaa tunanong'onezana zamu ya nani.

Baba akatoka mbio. "Mmekuja kuwaamia ndege au kuwaandalia karamu?"

Tukazinduka, madebe yakalia, ndege wakapaa. Lakini masuke ya pembeni yalishabaki vijiti.

"Safari hakuna, ng'wanone, mwanangu," Baba akaniambia.

Machozi yakanitoka palepale. Baba akanipokonya darubini, aone ni kitu gani kimetupumbaza. Akaielekeza juu. Kipanga alikuwa analikimbiza lile kundi, nalo lote linageuka kwa pamoja, huku, kule, tena huku.

Baba akawafuata nayo, huku, kule.

Mara ndege wakarudi, wakatua upande wa pili wa shamba. Mama akapaza sauti toka jikoni, "Baba Kabula! Mtama huo unaliwa!"

Baba, darubini bado machoni, akainua mkono. "Nyamaza kwanza, Mama Kabula. Utawakimbiza!"

Nilicheka huku nalia.

Jumamosi iliyofuata Mama alipanda dungu mwenyewe na madebe mawili, akisema afadhali yeye hana klabu. Baba tulikwenda naye. Korongo walipoanza kucheza, zamu yangu ya darubini sikuipata, mzee kaing'ang'ania. Niliwaona kwa macho yangu matupu, wakuu, na furaha ile ninayo hadi leo.

Nilichojifunza: Baba aliwafukuza ndege tangu utoto, lakini kuwatazama alianza siku ile. Anayekucheka kwa unachokipenda, usigombane naye. Mpe naye zamu.

Haya, wa kwenu aligeuzwa na nini? Semeni. Na mnaokaa huko, kama korongo bado wanashuka mbugani niambieni haraka. Mjukuu ana bodaboda, na safari hii darubini simpi mtu.