Mwanamke wa Viazi Kwenye Simu ya Joackim

Ema alikuwa akimtafutia binti yake Rejoice wimbo wa kwaya kwenye simu ya mumewe, ndipo alipokutana na mwanamke wa viazi. Ameketi nyuma ya ndoo zake kando ya barabara, kitenge cha njano. Akasogeza picha: yeye tena. Akasogeza: yeye. Wimbo ukasahauliwa.

Mumewe, Joackim, alikuwa akisomea usanifu wa michoro katika chuo kimoja Makambako na kurudi nyumbani Njombe kila mwisho wa juma.

"Baba Rejoice, huyu ni nani?"

"Huyo? Cresensia. Anauza viazi karibu na chuo."

"Na jina unalo!"

"Mama Rejoice, hiyo ni kazi ya darasani. Zamani Ufaransa kulikuwa na wachoraji waliochora rundo lilelile la nyasi asubuhi, mchana na jioni. Hawakuwa na shida na nyasi. Walifuata jinsi mwanga unavyobadilika."

"Nyasi hazivai kitenge."

Joackim akacheka, na hapo ndipo alipoharibu.

"Kwa hiyo Cresensia ana asubuhi, ana mchana, ana jioni. Mimi sina?"

"Wewe uko kwenye nyeusi. Mwanga ukiangukia nyeusi unapotea tu."

Ema akaliangalia gauni lake. Tangu walipomzika mama yake kule Matembwe alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi, akingoja siku ndugu watakapoweka msalaba kaburini na kumvua nguo za msiba. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Hilo alilikubali kwa machozi. Lakini katika simu ile, tangu msiba, hakuwamo hata mara moja. Kumbe mumewe alikuwa anangoja avuliwe ndipo amwone!

Usiku alipiga magoti amwombe Mungu amwondolee wivu. Alipofika "kama sisi tuwasamehevyo," njano ya Cresensia ikamjia machoni. Akaruka mstari.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye paa. Joackim alitoka na mswaki mdomoni, akamkuta mkewe amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Nipige picha."

"Na ukungu huu?"

"Wafaransa wako hawakuwa na ukungu?"

Akatema povu, akainua simu ili yaishe. Kisha akakodoa macho. Bega la Ema lililoelekea nje lilikuwa na rangi ya samawati, kama moshi. Lile la upande wa moto lilikuwa kahawia, karibu jekundu. Akapiga goti kwenye tope.

"Usisogee. Hebu geuza shingo. Hapo hapo!" Alikuwa anahema. "Mchana nitakuhitaji tena."

"Mchana niko shambani. Unifuate."

Akamfuata. Jioni akamfuata tena mpaka bombani, majirani wakacheka, Ema akajifanya hawaoni.

Jumapili baada ya ibada Joackim alikuwa akipanga begi lake.

"Mwalimu anataka mtu mmoja tu, asubuhi mpaka jioni. Nampelekea wewe."

Ema alikunja shati la mumewe polepole, akalikunjua, akalikunja tena.

"Na yule?"

"Nimemfuta. Sasa nikipita pale ni kununua viazi tu, basi."

"Viazi vimejaa stoo, Baba Rejoice," alisema Ema, akaanza kumjazia mfuko.